Zile noti nne za The Twilight Zone

Jambo la ajabu likitokea, mtu huimba kwa mdomo zile noti nne za gitaa zinazojirudiarudia. Wengi huamini ndizo zilizofungua The Twilight Zone, tamthilia ya televisheni ya visa vya ajabu, tangu siku ya kwanza. Sivyo. Tamthilia hiyo ilipoanza kuonyeshwa na shirika la televisheni la CBS nchini Marekani mwaka 1959, ilifunguliwa kwa muziki wa Bernard Herrmann: mzito, wa polepole na, kwa masikio yangu, wa kutisha zaidi. Noti maarufu zilikuja msimu wa pili, 1960. Ni za Marius Constant, Mfaransa mzaliwa wa Romania, tena hakuzitunga kama wimbo mmoja. Vipande vyake viwili vifupi kutoka maktaba ya muziki ya CBS viliunganishwa tu.