Hazikuwa nyeupe, lakini msiwacheke Wagiriki

Swali la kama sanamu za Kigiriki zilikuwa nyeupe nimeacha kulijibu. Zilipakwa rangi, basi. Linalonichosha siku hizi ni la yule aliyekwisha kuona picha ya nakala iliyopakwa rangi, akaibuka na hukumu: "Kumbe Wagiriki hawakujua kupaka!"

Tumtazame Kore 679 wa Makumbusho ya Akropoli, Athens (kore ni sanamu ya msichana aliyesimama; 679 ni namba yake makumbushoni). Ni msichana wa marumaru ya Paros, kimo kama mita 1.2, kazi ya karibu mwaka 530 KK. Waajemi waliiteketeza Akropoli mwaka 480 KK, sanamu zilizoharibiwa zikafukiwa. Huyu alifukuliwa 1886, rangi ingali midomoni na nyweleni.

Ilikopotea tunaitafuta kwa taa. Mwanga wa ubavuni huonyesha jiwe lilivyoliwa na hewa, kwa kuwa rangi sugu ilikinga sehemu iliyokuwa chini yake. Bluu ya Misri, rangi ya kale, hung'aa kwenye kamera ya infraredi hata ikibaki chembe. Vizuri. Ila kamera inasema tu kwamba bluu ilikuwapo. Haisemi ilikolea wapi, ikafifia wapi, wala juu yake palipita nini. Vivuli na nta ya kumalizia ndivyo hutangulia kubanduka, na tunachokipima aghalabu ni tabaka la chini kabisa. Mtengeneza nakala mwaminifu hupaka alichokithibitisha, rangi moja bapa, tena juu ya plasta isiyopenyeza mwanga kama marumaru. Kumcheka mchoraji kwa nakala hiyo ni kuhukumu pilau kwa kuonja vitunguu vikiwa bado kwenye mafuta.

Plinio, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kuwa mchongaji Praxiteles, alipoulizwa anazipenda zipi kati ya sanamu zake, alitaja zile zilizopitiwa na mkono wa mchoraji Nikias. Ni karne ya nne KK, najua, si zama za Kore. Lakini fundi wa kiwango hicho hasifu upakaji wa hovyo.

Hata sisi wenyewe hatuelewani. Nakala ya Cambridge ya 1975 ilimvika Kore nguo nyekundu. Mwanaakiolojia wa Kijerumani Vinzenz Brinkmann akamvika ya njano yenye safu za wanyama, akamwita Artemi, mungu wa kike. Wanyama nawakubali, michoro yao iliacha alama kwenye jiwe. Artemi, bado nasita: mkono wa kushoto ulichongwa kando ukachomekwa, na ulipopotea ulikwenda na chochote ulichoshika, ambacho ndicho kingetuambia ni nani.