Oili ikizidi haipozi injini

Kwenye magrupu ya Malindi kuna ujumbe usiokoma: pikipiki ndogo ya kuchanganya oili na petroli ikichemka, iongezwe oili. Si kweli, na tafadhali msiusambaze tena. Jeti ya kabureta (tundu dogo linalopima mafuta yanayoingia kwenye injini) hupitisha karibu kiasi kilekile cha mchanganyiko. Oili ikizidi, petroli hupungua, joto hupanda, mwishowe pistoni inaweza kukwama. Watu huchanganywa na moshi mzito na plagi nyeusi, wakidhani petroli ndiyo imezidi.

Fuata kipimo cha mtengenezaji: kwa mfano, 40 kwa 1 ni mililita 25 za oili kwa lita moja ya petroli. Endesha kwa kasi, bana klachi, zima, ngoja ipoe kidogo, ufungue plagi. Ncha yake ikiwa kahawia ni sawa. Ikiwa nyeupe, yaani petroli ni kidogo, kagua kwanza hewa inayovuja kwenye mpira wa kabureta, ndipo uweke jeti kubwa zaidi kwa saizi moja.