Je, wajua kwa nini kunguru mweusi huota pindo jeupe akiingia kwenye katuni?

Mchore kunguru. Ukiwa Mombasa humkosi wa kumtazama: wako Marikiti wakidonoa mabaki, wako juu ya mabati ya Bondeni wakigombana kuanzia alfajiri. Mchore kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, mpige skani, mkate kwenye kompyuta, kisha mrushe juu ya picha ya bahari ya jioni, kule nyuma ya Fort Jesus. Kabla hajamaliza kupiga bawa la kwanza utauona uzi mweupe uliomzunguka kuanzia mdomo hadi mkia, kama aliyepita kwenye duka la unga. Pwani tunamjua kunguru wa shingo ya kijivu na yule wa kifua cheupe. Huyu wa tatu, mwenye pindo mwili mzima kama kanga, huzaliwa na kompyuta.

Nilipokutana naye mara ya kwanza niliulaumu mkono wangu. Nikaikuza picha, nikakata upya unyoya kwa unyoya hadi adhana ya alfajiri ikanikuta kitini. Pindo liko pale pale. Kosa halikuwa la mkasi.

Tazama pembeni mwa bawa. Picha ya kompyuta ni vigae vidogo vya mraba, yaani pikseli, na kigae kimoja hubeba rangi moja tu. Wino ukiishia katikati ya kigae, nusu yake wino na nusu karatasi, skana haiwezi kukigawa, basi huchukua wastani. Nyeusi ni 0, nyeupe ni 255, kwa hiyo kigae huandikwa 128, kijivu. Ukingo wote wa kunguru una utepe wa vigae vya namna hii, na ndivyo vinavyoufanya mstari uonekane laini badala ya kuwa ngazi-ngazi. Lakini kijivu hicho si rangi ya kunguru. Ni kunguru aliyechanganyika na karatasi. Unapoifuta karatasi, sehemu yake imeshaingia ndani ya vigae vya ukingoni, nawe unaibeba hadi baharini.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme bahari ya jioni ina mwanga wa 80. Kigae cha ukingoni, nusu kunguru nusu bahari, kinatakiwa kitoke 40: nusu ya 0 jumlisha nusu ya 80. Sasa programu ikikuta pale kijivu cha 128 kilichoandikiwa uangavu wa nusu, yaani kiache nusu ya kilicho nyuma yake kionekane, itachukua 64 ya kijivu na 40 ya bahari, jumla 104. Baba ni 0, mama ni 80, na mtoto amewashinda wote wawili kwa weupe! Mtazamaji hana haja ya kujua hesabu. Jicho lake hulikamata jambo hilo mara moja, hasa picha ikianza kwenda.

Huo uangavu wa nusu huandikwa wapi? Pikseli ya kawaida ina namba tatu: nyekundu, kijani na buluu. Picha angavu huongeza ya nne, alfa, ambapo 0 ni kutoonekana kabisa na 255 ni kuziba kabisa. Wachoraji wa zamani hawakuwa na habari nayo. Tangu miaka ya 1910, Mmarekani Earl Hurd alipoipatia hataza mbinu ya kuchora juu ya karatasi angavu za seluloidi, rangi ilipakwa kwenye karatasi hiyo na pale ilipoishia ndipo ilipoishia. Kompyuta ndiyo iliyoleta kigae cha nusu kwa nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa kompyuta Ed Catmull na Alvy Ray Smith wakiwa New York Institute of Technology walikata shauri kwamba uangavu usafiri ndani ya picha yenyewe, pamoja na rangi. Jina alfa walilitoa kwenye herufi ya Kigiriki iliyomo katika fomula ya kuchanganya picha mbili. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, wa kampuni ya filamu ya Lucasfilm, wakachapisha hesabu kamili ya kupandanisha picha, wakashauri rangi izidishwe kwa alfa kabisa kabla ya kuhifadhiwa. Tangu hapo kuna njia mbili, na mapindo mengi unayoyaona yametokana na kuzichanganya.

Fikiria wauzaji wawili wa maji ya ukwaju. Wa kwanza anakupa rojo zito, na kibandiko kinachosema utie maji kiasi gani. Hiyo ni rangi kamili, na alfa imekaa kando. Kwenye menyu za programu utaiona imeandikwa Straight. Wa pili ameshatia maji, wewe ni kumimina tu: hiyo ni rangi iliyokwisha kuzidishwa kwa alfa, Premultiplied. Wote wawili wanauza ukwaju mzuri. Balaa ni chupa isiyo na kibandiko, kwa sababu anayetia maji kwenye uliokwisha kutiwa maji hapati ukwaju, na anayekunywa rojo kavu anakunja uso.

Mfano wa rojo na maji huonekana vizuri kwenye kitu cheupe, kwa hiyo tumwache kunguru kidogo tuchukue tanga la jahazi, 255, juu ya bahari ile ile ya 80. Ukingo wa nusu unatakiwa utoke karibu 168. Faili iliyokwisha kuzidishwa ina 128 mahali hapo. Programu ikidhani haijazidishwa, inaizidisha tena na kupata 64, inaongeza 40 ya bahari, inapata 104, na tanga linavaa pindo la masizi. Sasa geuza. Faili ina 255 nzima lakini programu inadhani imeshazidishwa, basi inaongeza 40 juu yake. Inafika 295, na kwa kuwa mwisho ni 255, kigae kinakuwa cheupe pe na ukingo unanenepa, ngazi-ngazi tupu. Kwa hiyo rangi ya pindo ndiyo inayokutajia ugonjwa. Pindo jeusi ni maji yaliyotiwa mara mbili. Ukingo mnene unaong'aa ni rojo lililonywewa kavu. Pindo jeupe kwenye kitu cheusi ni karatasi iliyobebwa, kama kwa kunguru wetu.

Aina za faili za picha nazo zina tabia zake. PNG, kwa kanuni zake za tangu 1996, huhifadhi rangi kamili isiyozidishwa, na OpenEXR kwa kawaida huhifadhi iliyozidishwa. TIFF inaweza kubeba yoyote kati ya hizo mbili. GIF ya 1989 haijui nusu: kigae kinaonekana au hakionekani, ndiyo maana kingo zake zina meno. JPEG haina alfa kabisa. Ile picha unayoipakua mtandaoni ikiwa na miraba ya kijivu na nyeupe nyuma yake, ukaiingiza na miraba ikaingia nayo, si angavu. Mtu amekuchorea miraba. Na ukimtumia mwenzako PNG kwa simu, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha mara nyingi hugeuzwa JPEG njiani, na alfa inabaki kivukoni Likoni.

Matibabu hufanyika pale unapoiingiza picha kwenye programu. Katika After Effects, programu ya kupandanisha picha za video, dirisha la Interpret Footage hukuuliza alfa ni ya aina gani, na ukichagua iliyozidishwa unaweza pia kuitajia rangi iliyochanganywa nayo. Ukisema nyeupe, programu inaondoa hesabu ya karatasi kwenye kila kigae cha ukingoni. Blender, programu ya katuni za 3D, ina swali hilohilo kwenye mipangilio ya picha. Kitufe cha kuiachia programu ikisie kipo pia, ila mimi sikiamini. Kukisia ndiko kulikotufikisha hapa.

Kuna pindo jingine linalozuka hata faili ikiwa safi, pale unapoipunguza au kuizungusha picha. Kigae chenye alfa 0 hakionekani, lakini bado kina rangi iliyofichwa, mara nyingi nyeusi au nyeupe, na programu ikichukua wastani wa vigae jirani huivuta rangi hiyo ukingoni. Dawa ni kuisambaza rangi ya mchoro kidogo nje ya mpaka wake, chini ya alfa. Godot, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, ina kisanduku cha kazi hiyo kwenye kuingiza picha, Fix Alpha Border, na mwenzake Unity inacho chake.

Vyovyote utakavyofanya, usikague juu ya nyeupe. Weka chini ya mchoro waridi kali, kisha nyeusi, ukuze picha mara nne utazame kingo.

Kunguru wangu nilimponya kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa amri iitwayo Color to Alpha. Haikati, inahesabu kila kigae kina karatasi kiasi gani, inakirudishia rangi yake na kukiandikia alfa inayostahili. Kile cha 128 kikawa 0 chenye uangavu wa nusu, kikakaa baharini bila pindo. Ila amri hiyo haijui nyeupe ipi ni karatasi na ipi ni jicho. Nikamrusha, na mawimbi yakawa yanaonekana yakipita ndani ya kichwa chake. Ilibidi nirudi niweke tabaka jipya chini ya mchoro na kutia doa la nyeupe mahali pa jicho, ndipo nikahifadhi upya.