Alama ya usomekaji haikutungwa kwa Kiswahili

Anayeandika kipeperushi cha afya au masharti ya mkopo hutaka kujua kama msomaji atamwelewa. Zipo programu za kuandikia zinazomjibu kwa alama: unabonyeza, inatoka 62 au 38, na kazi huonekana imekwisha. Kwa maandishi ya Kiswahili, ushauri wetu ni kwamba alama hiyo iachwe kabisa. Sababu imo ndani ya hesabu yenyewe.

Kipimo kinachojulikana zaidi kilitungwa na Rudolf Flesch mwaka 1948, kwa ajili ya Kiingereza. Unatafuta wastani wa maneno kwa kila sentensi na kuuzidisha kwa 1.015, kisha wastani wa silabi kwa kila neno na kuuzidisha kwa 84.6. Majibu yote mawili unayatoa kwenye 206.835. Alama ya 60 hadi 70 ni maandishi ya kawaida. Chini ya 30 ni ya kiwango cha chuo kikuu. Mwaka 1975, J. Peter Kincaid na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, waliirekebisha hesabu hiyo ili itaje darasa la shule badala ya alama.

Sasa tuipe Kiswahili. "Mama hajarudi nyumbani" ina maneno 3 na silabi 9. Alama yake ni takriban −50, chini kabisa ya sifuri, ilhali mtoto ambaye hajaanza shule anaielewa akisomewa. "Dai la rehani ni batili" inapata karibu 33. Kwa kipimo hiki, sentensi ya mahakamani ni rahisi kuliko ya mama kwa alama zaidi ya 80!

Kosa si la Flesch. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo urefu wa neno hauonyeshi ugeni wake. Hata kipimo cha Msweden Carl-Hugo Björnsson cha mwaka 1968, kinachohesabu maneno yenye zaidi ya herufi sita, kingeliona "hajarudi" kuwa neno zito.

Kinachomchosha msomaji wa Kiswahili, kwa maoni yangu, ni mnyororo wa nomino: "utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa utoaji wa huduma". Hakuna anayetenda hapo. Andika "tutaboresha huduma" na msomaji anapumua. Sentensi ndefu nayo huchosha, lakini usiikate ili tu kuridhisha hesabu. Ukiondoa "kwa sababu" na "ingawa", unamwachia msomaji kazi ya kuunganisha mawazo.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya Wilson Taylor, ya mwaka 1953, kwa kuwa inampima msomaji pamoja na maandishi. Chukua kifungu cha maneno kama 250, acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la tano na uweke nafasi za urefu mmoja. Wape watu wanaolengwa wazijaze, bila kuwaharakisha. (Wenzako wa ofisini hawafai, wanajua tayari ulichotaka kusema.) Kwa kawaida, anayerudisha neno lenyewe katika asilimia 60 ya nafasi au zaidi anaweza kusoma peke yake, na aliye chini ya 40 amelemewa.

Mipaka hiyo nayo ilitokana na Kiingereza, kwa hiyo kwetu iwe dokezo tu. Kwa Kiswahili ni bora kulinganisha matoleo mawili ya kifungu kilekile, kila toleo na kundi lake la wasomaji, na kusahihisha kwa kanuni moja. Ukiamua kukubali "amefika" mahali pa "amewasili", kubali kwa wote. Kisha rudi kwenye nafasi walizoshindwa wengi: zikirundikana kwenye aya moja, anza kuandika upya hapo.