Thamostati si ya nchi za baridi peke yake

Jumamosi moja hivi karibuni nimefungua gari la tatu mwezi huu nikakuta nyumba ya thamostati iko tupu, yaani kile kilango kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mwenye gari ni mama mmoja wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, anayefanya kazi Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Toyota IST yake ya cc 1300 imeshabadilishwa plagi mara mbili, imesafishwa nozeli, imefungwa oksijeni sensa nyingine (ile inayopima moshi wa injini), na bado inabugia mafuta. Nilipomuuliza thamostati imekwenda wapi, akanijibu bila wasiwasi: "Fundi, si kile kidude cha nchi za baridi? Dodoma joto lote hili, cha nini?"

Mama hana kosa, aliambiwa hivyo na fundi. Ninaowakasirikia ni mafundi wenzangu, maana sisi tunalipwa kulijua jambo hili.

Injini haitazami hali ya hewa ya mkoa. Inataka maji yake yapande haraka mpaka nyuzi 80 na kitu, yakae hapo. Thamostati ya injini ya namna hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Mchana wa Novemba hapa Dodoma hewa ni nyuzi 30 na ushee. Bado kuna nyuzi 50 za kupanda. Na asubuhi za Julai tunatoka na masweta! Ukiiondoa thamostati, maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Ukishika lami ya kwenda Mtumba, upepo unapiga rejeta, maji yanagoma kwenye nyuzi 60 na kitu. Sensa ya maji inapeleka taarifa hiyo kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, nayo inaona injini haijapata moto: inaongeza mafuta, inapandisha silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta), na kwenye gia za otomatiki nyingi gia ya mwisho inacheleweshwa. Oili nayo inabaki nzito. Anayeumia zaidi ni mwenye safari fupi: nyumbani, shule ya watoto, kazini, sokoni, siku nzima injini haijawahi kupata moto wake.

Sasa tuseme ukweli kwa nini thamostati hutolewa. Gari lilichemsha. Fundi akaichomoa, gari likatulia, kila mtu akafurahi. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini lilichemsha. Tazama birika lako la chai: ule ukoko mweupe chini ni chumvi ya maji yetu. Maji hayohayo ya kisima watu wanayamimina kwenye rejeta miaka nenda rudi badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na ukoko uleule unajenga ndani ya vijibomba vyembamba kuliko kalamu. Rejeta ya mama huyu niliishika ikiwa na moto: upande mmoja unaunguza, katikati pa baridi kama ukuta. Imeziba. Mfuniko wake nao ulikuwa umekwisha mpira, haushiki presha. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Mfuniko mbovu na rejeta iliyoziba, ukatoa thamostati, hujaponya kitu.

Tena kuna injini ambazo thamostati yake ina visahani viwili: kimoja kinafungua njia ya rejeta, kingine kinaziba njia ya mkato. Ukiichomoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupoa. Gari la hivyo mjini litakuwa la baridi, halafu lichemshe kwenye mlima likiwa limejaa abiria. Nimeona, na mwenye gari alishaapa kwamba halina thamostati hivyo haliwezi kuchemsha.

Kupima ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, shika hosi ya chini ya rejeta, mkono mbali na feni. Kwenye IST inapaswa kubaki ya baridi dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo pamoja na ya juu, thamostati haipo au imekwama wazi. Ukinunua mpya, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni uione ikifunguka. Mimi sifungi bila kufanya hivyo, za bandia ni nyingi.

Kuna na vingine vinavyokula mafuta. Upepo wa matairi, eklina (chujio la hewa) iliyojaa vumbi la mtaa wa Nkuhungu, breki inayoshika: angalia vyote, havichukui nusu saa.

Na tafadhali, msinipimie mafuta kwa shilingi. "Zamani ya elfu ishirini nilikwenda siku tatu" haina maana wakati EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Jaza mpaka bomba lijikate, andika kilomita, tembea wiki nzima, rudi sheli ileile ujaze tena, gawanya kilomita kwa lita.

Gari la mama lilikuwa kilomita 9 kwa lita. Tulizibua rejeta, tukafunga thamostati, mfuniko mpya na kulanti. Wiki iliyofuata likatoa 12 na nusu. Siwezi kuapa kwamba zote hizo ni za thamostati, maana siku hiyohiyo nilijaza matairi yaliyokuwa yamelala. Ningetaka kuvitenganisha, lakini mteja hawezi kuacha gari wiki mbili kwa ajili ya udadisi wangu. Ile oksijeni sensa ya zamani alikuwa ameihifadhi kwenye droo ya gari. Niliirudisha, gari likatembea vilevile.