Kuvimba kwa bunju si kumwaga sumu

Wengi wanaofuga samaki wa maji chumvi wanaamini kwamba bunju akivimba amemwaga sumu, na tangi zima litakufa. Sivyo. Kuvimba ni kumeza maji haraka ili adui ashindwe kummeza. Sumu yake, tetrodotoksini, imo mwilini, hasa kwenye ini na ovari, na hatari kubwa ni kwa anayemla.

Mimi ningehofia zaidi meno yake. Yapo manne, yameungana kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua. Akilishwa vyakula laini tu, meno hurefuka hadi anashindwa kula. Anakonda huku chakula kikielea mbele yake. Mpe kome na kaa wenye magamba, avunje mwenyewe. Unapomhamisha, mchote pamoja na maji, usimtoe kwa wavu: akimeza hewa, kuitoa humsumbua sana.