Kabla ya kuwasha moto, tumia kioo

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza kutengeneza vidani vya udongo wa fedha huogopa moto. Mimi naogopa unyevu, hasa hapa Nairobi mwezi wa Julai, jua linapojificha wiki nzima.

Udongo wa fedha si wa mfinyanzi. Ni vumbi laini la fedha lililokandwa kwa maji na gundi inayoungua ikipata moto. Mitsubishi Materials ya Japani iliubuni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinachobaki baada ya moto ni fedha tupu, safi kuliko ile ya 925 (sehemu 925 za fedha katika kila 1,000) ambayo masonara huchanganya na shaba.

Kidani ninachokipenda zaidi hutokana na jani changa la sukuma wiki. Jipake mafuta ya zeituni viganjani, panga karata 4 kila upande wa donge ili unene uwe sawa, kisha usukume kwa kipande cha bomba la plastiki. Laza jani, mgongo wake uguse udongo maana huko ndiko mishipa imetokeza, upitishe bomba mara moja tu. Ukilibandua utaona hata vishipa vyembamba kama uzi. Toboa tundu kwa mrija wa soda.

Sasa subiri kikauke. Siku nzima, na kwenye baridi hii hata mbili. Kisha kipashe joto kidogo, kilaze juu ya kioo, ukiinue baada ya sekunde chache. Kioo kikiweka ukungu, bado. Julai iliyopita mteja alikuwa njiani kuja kuchukua kidani chake, nikaruka hatua hii. Maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke, kikafura lengelenge na kupasuka mbele ya macho yangu. Iliniuma sana.

Kikikauka, kiweke juu ya tofali la kuhimili moto, fungua dirisha, zima taa. Tochi ya gesi itatoa moshi na mwali mdogo: gundi inaungua. Subiri kidani kiwake rangi ya papai bivu, uishikilie hapo dakika 3. Uso ukianza kumetameta kama maji, ondoa moto upesi. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi.

Kitatoka cheupe kama chokaa. Usishtuke, ni fedha hiyo. Isugue kwa brashi ya waya na maji ya sabuni hadi ing'ae.

Kumbuka pia kwamba husinyaa, kwa aina ninayotumia karibu asilimia 10. Jani la sentimita 3 litabaki 2.7, na pete ianze ikiwa kubwa kuliko saizi ya kidole kwa saizi mbili au tatu.